VITI VYA PWEZA WADOGO KATIKA TANGI LA BAHARI: MCHUNGUZE KABLA YA KUMHUKUMU

Usiku, taa za nyumba zikiisha kuzimwa, mwenye tangi la kioo lenye maji ya bahari huwasha kurunzi awatazame samaki wake walivyolala. Badala ya samaki, aghalabu huona ajabu nyingine: vinyota vidogo vyeupe, kila kimoja hakizidi ukubwa wa ukucha, vimejibandika kwenye kioo na kutambaa polepole mno hata mtu hudhani vimesimama. Hakuvinunua, wala hakuvileta kwa kujua. Juma lililopita aliviona viwili. Leo amehesabu kumi na vinne. Asubuhi, akiona tumbawe lake moja limenyauka, hukumu yake huwa imekwisha kuandikwa. Samaki mmoja akioza, husema, huoza wote; basi hao ndio wahalifu, na wauawe hadi wa mwisho.

Hukumu ya namna hiyo imewaharibia wengi matangi yao. Na wapo ambao, kwa pupa ya kuua wadudu wa mawe, wamejikuta hospitalini pamoja na watoto wao. Kwa sababu hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa taratibu.

Huenda msomaji aishiye bara, mbali na pwani, akauliza linamhusu nini. Linamhusu. Waganda wengi, wakiwamo askari waliostaafu, wameajiriwa kuwa walinzi katika nchi za Ghuba, na akina mama na mabinti wengi hutumikia nyumba za huko. Katika nchi hizo, kama ilivyo Ulaya, Marekani na Japani, wako watu wenye uwezo wanaopamba ukumbi kwa tangi la matumbawe hai. Mwenye nyumba anaposafiri, huenda kazi ya kulisha samaki na kufuta kioo ikamwangukia mtumishi au mlinzi ambaye hakuelezwa chochote. Mtu akipewa kazi, yampasa kuijua hatari yake.

TANGI LA MAWE HAI

Tangi la namna hii si sawa na lile la samaki wa maji baridi. Maji yake yana chumvi ipatayo gramu 35 katika kila kilo ya maji, kama ilivyo baharini, na joto lake hushikiliwa karibu na digrii 25 za Selsiasi. Ndani yake hakuna samaki peke yao. Wamo pia matumbawe, ambao wengi huwadhania kuwa mawe au maua, ilhali ni wanyama. Wamo konokono, kaa na kamba. Na chini ya wote yamo mawe yaliyotoka baharini au yaliyolazwa baharini kwa makusudi ili yaote viumbe.

Mawe hayo huitwa mawe hai. Jiwe lenyewe ni mfupa wa matumbawe ya zamani, lakini matundu yake yamejaa bakteria ambao kazi yao ni kusafisha maji. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa kwenye mawe huibadili ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Katika mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika gazeti la wafugaji samaki la Marekani jinsi alivyoweza kufuga viumbe wa baharini kwa mawe hai, mwanga na mapovu ya hewa, bila mitambo mingi. Baadaye wafugaji wa mjini Berlin, Ujerumani, waliiendeleza njia ya mawe hai, hata ikajulikana kwa jina la mji wao.

Walakini jiwe lenye matundu haliji peke yake. Ni kama basi lililotoka kijijini usiku: aliyekata tiketi yumo, na asiyekata yumo pia. Katika matundu huingia minyoo, konokono, kaa wadogo, mbegu za mwani, na vinyota vinavyozungumzwa hapa. Hata kipande kidogo cha tumbawe kilichonunuliwa dukani kikiwa kimegandishwa juu ya kibao chaweza kuleta kinyota kimoja chini yake. Kimoja kinatosha.

SURA NA MAUMBILE YAO

Watu wa pwani humwita mnyama huyu kiti cha pweza. Aliye maarufu zaidi ni yule mkubwa wa Bahari ya Hindi, wa rangi ya kijivu mwenye vinundu vyekundu, ambaye hukaushwa na kuuzwa kwa watalii. Yule anayejificha katika mawe ya tangi ni jamaa yake wa mbali, na ni mdogo mno. Wafugaji humwita asterina. Tangu wataalamu walipoipanga upya jamii hiyo mwaka 2004, wengi wa aina za Bahari ya Hindi na Pasifiki wamewekwa katika kundi la Aquilonastra, lakini jina la zamani bado limo vinywani mwa watu.

Alama zake ni hizi. Aghalabu hazidi sentimeta moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na wengi ni wadogo kuliko hapo. Rangi yake ni nyeupe, ya kijivu, ya maziwa, au mchanganyiko wa kijani na kahawia uliofifia. Mwili ni bapa, na mikono ni mifupi, butu, imeungana na mwili bila shingo. Tena, na hii ndiyo alama kubwa, mikono yake hailingani. Mmoja ana mitano, mwingine sita, mwingine saba. Upande mmoja ni mirefu, upande wa pili imechipua tu kama meno ya mtoto.

Akitazamwa kwa chini kupitia kioo, huonekana safu za miguu myembamba kama nyuzi, kila mmoja ukishika na kuachia. Miguu hiyo huendeshwa kwa maji, si kwa damu. Kiti cha pweza huyaingiza maji ya bahari katika mifereji iliyomo mwilini mwake, na kwa msukumo wa maji hayo hunyoosha na kukunja miguu. Ndiyo maana mabadiliko ya ghafula ya chumvi humdhuru upesi. Kinywa chake kiko katikati ya tumbo. Anapokula hatafuni: hulitoa tumbo lake nje kupitia kinywani, akalitandaza juu ya chakula, akakiyeyusha hapo hapo, kisha akalirudisha ndani.

WASIOPASWA KUCHANGANYWA NAYE

Polisi yeyote ajua kwamba mashaka mengi huanza pale mtu mmoja anapokamatwa kwa sura ya mwingine. Katika tangi wako wawili ambao hufananishwa na asterina.

Wa kwanza ni yule mwenye mwili mdogo wa mviringo, kama tembe ya dawa, na mikono mirefu myembamba inayojipinda kama nyoka. Mwili na mikono hutofautiana waziwazi. Hukaa ndani ya tundu la jiwe akatoa mikono miwili au mitatu tu nje, akitingisha kutafuta makombo. Akifukuzwa hukimbia kwa kupiga makasia kwa mikono yake, na kwa kiumbe wa namna hii mwendo wake ni wa kasi. Aina moja iliyoenea sana katika bahari za joto, iitwayo Ophiactis savignyi, aghalabu ina mikono sita. Huyu ni mfagizi. Hula mabaki ambayo yangeoza, wala hagusi tumbawe lililo zima. Anayemtoa amefukuza mtumishi mwema.

Wa pili ni mtoto wa kiti cha pweza mkubwa. Mikono yake ni mitano, iliyolingana vizuri, na kila mwezi huongezeka ukubwa. Akishapita ukubwa wa sarafu, na vinundu au miiba ikianza kuonekana mgongoni, huyo si asterina. Viti vya pweza wakubwa wengi hula konokono, chaza na matumbawe, na tangi la nyumbani haliwatoshi. Huyo aondolewe mapema.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, mwenye tangi atafute kioo cha kukuzia, ahesabu mikono, apime ukubwa, atazame mwendo, na ayaandike hayo katika daftari pamoja na tarehe. Kazi hiyo ni ya dakika kumi tu, na itaokoa fedha za miezi mingi.

KWA NINI HUONGEZEKA

Asterina wa matangini hahitaji mume wala mke. Hujigawa. Mwili hupasuka katikati, nusu moja ikaelekea huku na nusu ya pili kule, kisha kila nusu ikaotesha mikono iliyopungua. Ndiyo sababu mikono yake hailingani: ile mirefu ni ya zamani, ile mifupi ni ya jana. Mmoja huwa wawili, wawili wakawa wanne, na katika tangi lenye chakula tele waweza kufikia mamia.

Hapa pana onyo. Mtu mwenye hasira hushika kisu au wembe wa kufutia kioo akawakatakata humo humo tangini. Zamani wavuvi wa chaza wa Marekani walifanya kosa kama hilo: waliponasa viti vya pweza waliokuwa wakiwalia chaza wao, waliwakata vipande wakavitupa baharini, na vipande vilivyobakiwa na sehemu ya kati ya mwili vikaota vikawa viti vya pweza wazima. Adui waliyemkata kwa shoka wakawa wamempanda kama muhogo. Asterina akitolewa, atolewe mzima.

Lakini maongezeko hayana sababu ya kujigawa peke yake. Kiumbe hawezi kuongezeka pasipo chakula. Palipo na vinyota mia mbili, pana utando wa mwani na mabaki ya kuwalisha mia mbili. Wingi wao ni barua kwa mwenye tangi, nayo yasema: samaki wanapewa chakula kupita kiasi, au maji hayabadilishwi kwa wakati, au taa inawaka saa nyingi mno.

JE, NI MHALIFU?

Katika matangi mengi, asterina hula utando wa mwani na bakteria ulioota kwenye kioo na mawe. Kwa kiasi hicho hana kosa, bali husaidia kusafisha. Baadhi hula pia mwani wa chokaa, ule wa rangi ya zambarau unaopendeza juu ya mawe, wakaacha madoa meupe ya mviringo. Hasara hiyo ni ya urembo tu.

Walakini si wote wasio na hatia. Chini ya jina moja la asterina zimo aina nyingi, na wapo wafugaji walioshuhudia baadhi yao wakipanda juu ya matumbawe laini, hasa yale yenye umbo la vifungo vya shati yaitwayo zoantidi, wakakaa juu yake na kuyala. Kwa hiyo anayesema wote ni wema amekosea, na anayesema wote ni wabaya amekosea vilevile. Kinachotakiwa ni ushahidi.

Ushahidi hupatikana hivi. Kwanza, tangi litazamwe usiku, saa mbili au tatu baada ya taa kuzimwa, kwa kurunzi iliyofunikwa karatasi nyekundu ili viumbe wasishtuke. Kumkuta asterina juu ya tumbawe mara moja si hoja, kwa maana huenda alikuwa njiani. Akikutwa juu ya tumbawe lile lile usiku wa pili na wa tatu, na anapobanduliwa panaonekana jeraha bichi palipokuwa na nyama nzima, hapo shauri linaanza kusimama.

Pili, iulizwe kama tumbawe lilikuwa zima kabla yake. Asterina hufuata vinavyooza kama fisi afuatavyo mzoga, na fisi aliyekutwa kwenye mzoga si lazima awe ndiye aliyeua. Mara nyingi tumbawe hufa kwa sababu nyingine kabisa: joto limepanda kwa siku mbili, chumvi imezidi kwa kuwa maji yaliyokauka hayakurudishwa, taa imebadilishwa ghafula, au jirani yake amelichoma kwa mikono yenye sumu. Kwa hiyo kabla ya kumshitaki kinyota, apime joto, chumvi, naitreti na fosfeti, ayaandike.

Tatu, kama shaka ingalipo, washukiwa wawili au watatu watiwe katika chombo kidogo chenye maji ya tangi hilo hilo na kipande kidogo cha tumbawe linaloliwa. Chombo kielee ndani ya tangi ili joto lisipungue, na maji yake yabadilishwe kila siku. Katika siku tatu au nne jibu litaonekana.

Akikutwa hana hatia, aachwe. Akikutwa na hatia, apunguzwe kwa njia ifuatayo.

KUPUNGUZA BILA KUBOMOA

Njia ya kwanza, nayo ni bora kuliko zote, ni mkono. Kila jioni, taa zikizimwa, vinyota hupanda kioo. Mwenye tangi avae glavu, achukue kikoleo kirefu cha plastiki, awatoe mmoja mmoja pasipo kuwabana hadi kukatika. Wengine hutumia mpira mwembamba wa kunyonyea maji: ncha moja huwekwa juu ya kinyota, ncha ya pili katika ndoo iliyo chini, naye huvutwa pamoja na maji. Kazi hiyo ifanywe siku ile ile ya kubadilisha maji, ili ndoo moja ifanye kazi mbili. Kutoa kumi kila jioni si kazi kubwa, na baada ya mwezi hesabu ni mia tatu. Wachache watabaki maweni, nao hawana neno.

Njia ya pili ni kupunguza chakula chao. Samaki walishwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu. Maji yabadilishwe asilimia 10 hadi 20 kila wiki au wiki mbili. Kioo kifutwe. Asterina hatakufa mara moja, lakini atakosa nguvu ya kujigawa.

Waliotolewa wasitupwe katika mtaro, mto wala bahari. Waweza kuwa wametoka bahari nyingine, pamoja na magonjwa ya huko. Wafungwe katika mfuko, wawekwe katika barafu ya jokofu hadi kesho yake, kisha watupwe pamoja na takataka za jikoni.

Dawa je? Jibu ni hapana. Dawa za samaki zenye shaba huwaua asterina, lakini huwaua pia kamba, konokono, kaa na matumbawe. Hata kama ingekuwapo dawa ya kuwaua wao peke yao, mamia ya maiti zilizofichika mawenini zingeoza kwa pamoja, amonia ikapanda, na samaki wakafa kwa kosa lisilo lao.

KAMBA MLA NYOTA NA FUNZO LA ZIWA VICTORIA

Yuko kamba mmoja mzuri wa kupindukia, mweupe mwenye mabaka ya waridi, ya samawati au ya kahawia, na magando mapana kama majani. Jina lake la kitaalamu ni Hymenocera. Huishi katika miamba ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, hukaa mume na mke, na chakula chake ni viti vya pweza. Humpindua kiti cha pweza chali, akaanza kumla kuanzia ncha za mikono. Wauzaji humsifu sana, na kweli akitiwa tangini asterina hupungua haraka.

Lakini muuzaji hasemi lolote juu ya siku ya baadaye. Kamba huyo hajui kutofautisha asterina na kiti cha pweza wa buluu au mwekundu aliyenunuliwa kwa fedha nyingi. Wote kwake ni nyama. Na asterina wakiisha, hawezi kugeukia makombo wala mwani. Mwenye tangi hana budi kumnunulia viti vya pweza wengine maisha yake yote, la sivyo atakufa kwa njaa mbele ya macho ya watoto.

Watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kufundishwa somo hili. Katika miaka ya 1950 sangara, ambaye Waganda humwita empuuta, alitiwa katika ziwa hilo ambalo hakuwamo. Alileta fedha za kigeni na viwanda vya minofu, hilo halikanushwi. Lakini kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za nkejje, samaki wadogo waliolisha vizazi na vizazi, zilikuwa zimetoweka au kuadimika. Mla watu akiisha kukaribishwa, hapewi masharti. Katika tangi la lita mia tatu hesabu ni ile ile, ila tu matokeo yake huonekana upesi zaidi.

Kwa hiyo anayemtaka kamba huyo kwa uzuri wake na amlete, mradi ajue gharama ya kumlisha. Anayemtaka awe askari wa kukodi, aishie kazi, aondoke, hilo halipo.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Sasa lafuata jambo ambalo kila mtumishi, mlinzi na mama wa nyumba yampasa kulikumbuka hata akisahau mengine yote. JIWE LA TANGI LA BAHARI LISICHEMSHWE, WALA LISIMWAGIWE MAJI YA MOTO.

Mtu aliyechoshwa na vinyota au na matumbawe yaliyoenea ovyo hufikiri hivi: nitalitoa jiwe, nitalitia katika sufuria, nitalichemsha kama nguo ya mtoto, na kila kilichomo kitakufa. Kitakufa kweli. Lakini juu ya jiwe hilo huenda wamo zoantidi, wale wenye umbo la vifungo, na baadhi yao hubeba sumu iitwayo palitoksini. Sumu hiyo ilielezwa na wanasayansi Moore na Scheuer wa Hawaii mwaka 1971, nayo ni miongoni mwa sumu kali kupita zote zilizopata kupatikana katika viumbe. Moto wa jikoni hauivunji nguvu. Huinuka pamoja na mvuke, ikajaa chumbani, ikaingia mapafuni mwa kila aliyemo, pamoja na mtoto aliyelala chumba cha pili.

Haya si maneno ya kutisha watu. Kati ya mwaka 2012 na 2014, katika mji wa Anchorage, jimbo la Alaska, Marekani, watu kadhaa waliugua kwa sababu ya matumbawe ya namna hiyo, na habari zao zikatangazwa na idara ya afya ya nchi hiyo mwaka 2015. Mwaka 2018 huko Uingereza, kusafisha tangi la nyumbani kulitosha kuwapeleka hospitali watu wa familia moja pamoja na askari wa zimamoto waliokwenda kuwaokoa. Askari wasome habari hiyo mara mbili: mwokozi aliyeingia bila kujua naye alihitaji kuokolewa.

Dalili zake ni ladha chungu au ya chuma kinywani, kikohozi, pumzi kubana, homa na kutetemeka, misuli kuuma, macho kuwasha na kuuma. Zikitokea baada ya mtu kushughulika na mawe ya tangi, watu wote watoke nje mara moja, mbwa na paka pia, na waende hospitali bila kungoja kupambazuke. Daktari aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa alishika matumbawe ya tangi, kwa sababu pasipo neno hilo atadhani ni mafua. Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haijapatikana. Lakini daktari akijua mapema, aweza kusaidia pumzi na moyo wa mgonjwa.

Kadhalika jiwe lisisuguliwe kwa brashi kavu, na tumbawe lisikatwe kwa wembe pasipo glavu na miwani ya kukinga macho. Mwenye kidonda mkononi asitie mkono katika tangi. Mtumishi akiamriwa achemshe jiwe, ana haki ya kukataa na kueleza sababu. Huo si utovu wa adabu, ni kuokoa nyumba ya mwajiri wake.

KINGA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila jiwe jipya na kila kipande cha tumbawe kikae kwanza katika tangi la pembeni kwa majuma manne au zaidi, kama mgeni anayengoja kibali mpakani. Katika muda huo kitazamwe usiku kwa kurunzi. Kibao kilichobeba tumbawe kigeuzwe, na chini yake pachunguzwe; hapo ndipo kinyota hupenda kujificha. Jiwe litikiswe taratibu katika ndoo ya maji ya chumvi ya joto lile lile, ili wasioshika sana waanguke. Dawa za kuchovya matumbawe zinazouzwa madukani huondoa wadudu wengi, lakini asterina aliyejibanza tunduni aweza kupona, kwa hiyo macho yasipumzike.

Mwenye kuyafanya hayo hatahitaji vita. Na aliyekwisha kuwapata, asifadhaike. Vinyota ishirini katika tangi kubwa lenye matumbawe mazima ni dalili ya maji yanayofaa uhai; tangi lililokufa halina asterina wala kitu kingine.

Basi atakayekuta kesho kinyota cheupe kwenye kioo na afuate utaratibu huu: ahesabu mikono yake, atazame analala wapi usiku tatu mfululizo, apime maji, na aandike. Akipata hatia, amtoe mzima kwa kikoleo, leo kumi na kesho kumi. Asimkate, asimtilie dawa ya shaba, wala asilete mla nyota asiyeweza kumlisha. Na jiwe lisikaribie jiko kamwe. Tumbawe moja likiliwa, litaota jingine au litanunuliwa jingine. Mtoto aliyelala chumba cha pili hana badala yake.